Mkalimani wa Filamu Zisizotakiwa

Niwategee kitendawili kabla hamjakaa vizuri. Nina mtu wangu mmoja. Amepigana vita ambavyo havijawahi kutokea, amekufa zaidi ya mara elfu, ameposa mabinti wa wafalme wa nchi asizozijua, na jioni anarudi kwake kwa miguu, anavua viatu mlangoni, hasemi neno. Ni nani huyo?

Msiniambie ni ndoto, jibu hilo nimeshawakatalia wengi. Msiniambie ni mwendawazimu pia. Mnaotaka kunipa mji, kaeni nao. Leo jibu nawaonyesha kwa kidole.

Saa nane mchana, Jumatatu. Amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya runinga, ndani ya banda la mabati ambalo madirisha yake yamezibwa kwa mashuka meusi. Mkono mmoja umeshika kipaza sauti kilichozungushiwa utepe, mwingine kikombe cha maji ya uvuguvugu. Mbele yake kuna viti themanini. Watu ni kumi na saba, ukimhesabu na mwenye banda aliyesimama mlangoni.

"Leo nimewaletea takataka," anasema. Sauti inakwaruza kama bati linaloburutwa. "Mzee anapaka rangi ukuta, basi. Mwenye shughuli zake atoke sasa, asije akanilaumu baadaye."

Hatoki mtu.

"Wewe anzisha takataka yako," anamjibu fundi viatu aliyeko mstari wa mbele. "Nyumbani kwangu kuna mbaya zaidi, na haina hata picha."

Mtaani wanamwita Mkalimani. Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka ishirini na mmoja kazi yake imekuwa kuzisemea filamu za kigeni. Sauti ya filamu inashushwa, yeye anasimulia kwa Kiswahili, watu wote peke yake: bibi harusi yeye, jambazi yeye, na mbwa akitakiwa naye anabweka.

Wenzake walikimbilia filamu zenye jina. Yeye alichukua zile ambazo muuza filamu alikuwa anamwongezea bure, zenye jalada lililofifia, ambazo hakuna mteja aliyezigusa. Akifika nazo bandani, kwanza anazitukana.

"Filamu ikisifiwa, watu wanakaa kama mahakimu," anaandika kwenye daftari la shule, maana nyumbani siku hizi hujibu kwa kalamu. "Ukiitukana wanaionea huruma. Ikifanya kitu kidogo tu kizuri wanashangaa, kama mtoto mzito darasani akifaulu."

Ana mwiko wake pia. Hatazami filamu nzima kabla ya wateja. Anatazama dakika kumi za mwanzo na kumi za mwisho, bila sauti, kisha anaizima. Ya katikati anakutana nayo mbele za watu. Anasema akishaijua yote anachoka, na mtu aliyechoka husikika.

Mwiko huo uliwahi kumtia matatani. Mwaka mmoja alimtambulisha mwanamke wa gauni jekundu kuwa dada wa shujaa, kwa sababu mwanzoni walikuwa wanagombana na mwishoni wanalia pamoja. Ilipofika katikati, shujaa akamkumbatia dada yake akambusu mdomoni, tena si kidogo.

"Mkalimani," fundi viatu aliuliza kwa upole, "kwenu dada anasalimiwa hivyo?"

"Tulia," alijibu bila kusita. "Hata dada mwenyewe ameshtuka. Kaka amepigwa kichwani, hamtambui mtu."

Kutoka hapo akalazimika kumtengenezea shujaa ugonjwa wa kusahau, daktari mwovu na urithi ulioibwa. Filamu ambayo haikuwa na thamani ikaombwa irudiwe miezi minne mfululizo. Wakati huo viti themanini havikutosha, wengine walikalia ndoo.

Kisha simu za mikononi zikaleta filamu mpaka kitandani, na viti vikaanza kupungua watu. Hilo alilivumilia. Lililomvunja lilianza mwaka jana, kama kikohozi tu.

Hospitalini walimkuta na uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Daktari alimwambia utaendelea kukua na mwisho utaziba njia ya hewa, kwa hiyo lazima ukatwe. Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Amepangiwa siku ya kupasuliwa mara mbili, na mara mbili hakutokea. Ya tatu ni Alhamisi wiki hii, na ameambiwa hakuna ya nne karibu.

Badala ya kwenda, alijiwekea utaratibu. Nyumbani hasemi kabisa, ili kilichobaki akitumie bandani. Sasa ni miezi kumi na moja.

Mkewe ni mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake iko chumba hichohicho wanacholala, mbele ya dirisha, na vipande vya kitambaa cha buluu vimejaa mpaka chini ya kitanda. Alisoma miaka mitatu tu, kwa hiyo kila mumewe anapomwandikia, inabidi asimamishe cherehani, afuate herufi kwa kidole.

"Sauti yote anawapelekea watu wa kule," anasema. "Mimi naletewa karatasi. Juzi kaandika sentensi ndefu, mpaka nimalize kuisoma kumbe yeye keshalala. Alikuwa ananiuliza kama nimeshalala."

Anacheka kidogo, kisha anaacha.

"Usiku napumua naye. Akivuta pumzi ikakwama, na yangu inakwama. Hilo yeye halijui, maana amelala."

Mchana wa Jumatatu, kabla mumewe hajatoka kwenda bandani, mama huyu alisimama mlangoni na sindano mdomoni, akaitoa, akamuuliza.

"Baba, mimi sikulazimishi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Unaogopa nini? Kisu?"

Mkalimani alichukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akaishika kalamu muda mrefu. Halafu akalifunga na kuondoka. Ukurasa haukuandikwa kitu.

Na sasa yuko pale, na mzee wa kwenye filamu ameanza kupaka rangi.

Katika zile dakika alizozitazama, Mkalimani alimwona mzee akichanganya rangi peke yake kwenye nyumba tupu, na mwishoni akilia kando ya kitanda. Akapiga hesabu zake: huyu ni muuaji. Kwa hiyo wateja wanaambiwa ndani ya ukuta kuna maiti ya mshirika wake, na rangi ni ya kuficha ushahidi.

"Anajiambia, koti moja la rangi halitoshi," anasema Mkalimani kwa sauti ya mzee. "Damu ya mtu haifichwi na..."

Hapo panakatika. Mdomo unaendelea, sauti haitoki. Anakunywa maji, anakohoa, anajaribu tena. Kwenye spika unasikika upepo mtupu. Ni dakika ya thelathini na nne.

"Betri?" anauliza mtu wa nyuma.

Mwenye banda anajua hiyo si betri. Anaingia taratibu, anaegemea runinga na kuipandisha sauti ya filamu yenyewe, ili watu wasikae kimya.

Kwa mara ya kwanza katika banda hilo, filamu inajisemea. Brashi inasikika ukutani. Mzee anaimba chinichini kwa lugha ambayo hakuna anayeijua, anakosea, anarudia. Wanakuja watu wawili na kitanda kidogo, cha mtoto, na godoro likiwa bado ndani ya nailoni. Mzee analipapasa. Anaweka kiti dirishani, anakaa kutazama barabara. Jua la kwenye filamu linazama, linachomoza, yeye yuko palepale.

Fundi viatu amevua kofia. Mama wa mstari wa tatu aliyekuwa anachambua mchele kwenye sinia ameacha mikono ndani ya mchele.

Inakuja barua. Mzee anaisoma amesimama. Haielezwi imeandikwa nini, na hakuna anayeuliza. Anakwenda kukaa chini kando ya kile kitanda na kulia, na nailoni bado haijatolewa.

Maandishi ya mwisho yanapanda. Hanyanyuki mtu.

"Kumbe alikuwa anamngojea mtoto," fundi viatu anasema. Kisha, kwa mazoea, anamgeukia Mkalimani: "Na yule wa ukutani ni nani?"

Hakuna anayecheka, hata yeye mwenyewe.

Mama wa mchele anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nilidhani kweli takataka," anasema. "Kesho irudieni. Lakini muiache hivihivi, kama leo."

Amesema bila ubaya wowote. Anachukua sinia yake, anamuaga Mkalimani kwa adabu, anamwambia "pole na kifua, baba". Mwenye banda anaitikia kwa niaba yake: sawa, kesho hivihivi.

Mkalimani anabaki kwenye kiti chake mpaka banda linafagiliwa. Anaomba kalamu. Nyuma ya jalada la filamu anaandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayejifunza: "Nimezisemea filamu kama elfu sita. Ngapi zilikuwa hivi?"

Mwenye banda anasoma, anamrudishia jalada, anaendelea kupanga viti.

Saa kumi na moja jioni anafika nyumbani. Anavua viatu. Mkewe yuko kwenye cherehani, mkono wa sare ya mtoto uko chini ya sindano. Anaona uso wa mumewe na mguu wake unaacha kukanyaga. Daftari liko juu ya kitanda, anamsogezea.

Mkalimani hakulichukua. Alivuta kiti karibu sana, magoti yao yakagusana, na baada ya miezi kumi na moja akaongea ndani ya chumba hicho. Ilibidi mkewe ainame kumsikia, maana ilikuwa pumzi zaidi kuliko sauti.

"Si kisu," alisema. "Niliogopa nikinyamaza, filamu iendelee bila mimi, na watu wasione pengo."

Alimeza mate kwa shida, akapumzika.

"Leo imeendelea. Alhamisi niamshe mapema."