Farasi Wanane Kisimani

Juzi nilipita mwaloni Ujiji, pale boti zinapoegeshwa, nikawakuta vijana wakibishana mashine ya boti ya nani ina nguvu ya farasi wengi. Nikacheka peke yangu. Mwenzangu, hesabu hiyo ya farasi ilishatutoa jasho sisi, mwaka ule wakimbizi walipovuka ziwa kutoka Kongo.

Kijijini kwetu palikuwa na kinu cha upepo kilichovuta maji ya kisima. Kilizunguka kwa kujivuta, kwii, kwii, nasi wasichana tukipanga ndoo na kutafuna mihogo mibichi. Maji yalitutosha. Wageni walipofika, foleni ikafika hadi kwenye michikichi. Bibi yangu alimpokea fundi mmoja wa boti na mkewe, na mtoto wao wa miezi minane aliyeshikwa na kuhara njiani. Maji ya ziwa tulishaambiwa tusiyaguse, kwa ajili ya kipindupindu.

Mwalimu wetu akapiga hesabu ukutani kwa mkaa: kinu hakifikii nguvu ya farasi mmoja, mashine ya fundi inao wanane. Tukapiga makofi. Fundi akaing'oa mashine botini, wakafungua bomba la kinu, wakafunga pampu ya kuazima. Maji yalimwagika jamani! Mimi nilimaliza ndoo tatu nzima kufua sare ya shule.

Kabla ya adhuhuri pampu ikaanza kutapika tope. Kisima kilikuwa kimekauka.

Bibi hakumgombeza mtu, na hilo ndilo lililoniuma. Mtoto alikuwa ameacha kulia, macho yamezama, ulimi mkavu. Sare yangu ilining'inia kwenye kamba, safi, nikatamani kuichoma moto.

"Bibi, unisamehe," fundi akasema. "Nguvu ya mashine tulihesabu. Ya kisima, hapana."

"Rudisha bomba la kinu, baba. Chenyewe kinajua kusubiri."

Kesho yake asubuhi upepo wa ziwa ukapanda. Kwii, kwii. Likatoka tope, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji safi. Bibi akachemsha, akatia chumvi na sukari, akamnywesha mtoto kwa kijiko mpaka alasiri.

Mara tukasikia kilio. "Ana machozi!" Bibi akapiga kelele. "Njooni mwone, ana machozi!" Mwalimu akakaa chini mavumbini, akacheka kama mlevi.

Kinu kiling'olewa zamani, maji sasa yanavutwa kwa umeme. Wageni walirudi kwao, na Bibi tulishamzika. Lakini mtoto akilia ndani ya basi, abiria wenzangu wakanuna, mimi huyatazama machozi yake, nikashusha pumzi.