Safari ya Treni Aliyoipanga Bwana Lam

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisichokuwa na mgongo na kitabu kinene cha ratiba za treni za nchi za mbali. Mkurugenzi, mama wa Kibelgiji aliyekuwa na miwani machoni na nyingine kichwani, aliniambia nisizungumze na mteja yeyote mpaka niweze kumtoa mtu Singapore na kumfikisha Bangkok bila kumlaza kwenye benchi la stesheni. Ofisi yake ya safari ilikuwa Saint-Josse, mtaa mmoja wa Brussels, katikati ya duka la vitambaa na saluni ya kinyozi. Mimi nilikuwa mke wa dereva wa ubalozi, nimezaliwa Tabora na kukulia kwenye nyumba za reli. Nilidhani treni nazijua. Jioni ile nilirudi nyumbani na kichwa kinaniuma, na yule msafiri wangu wa kubuni nilikuwa nimemwacha mpakani mwa Malaysia.

Ninyi mnaofanya kazi hii sasa mnabonyeza simu na njia nzima inajitokeza. Sisi tuliishona kipande kwa kipande. Kila shirika la reli uliliandikia kwa faksi, ukangoja. Likikubali, uliandika vocha, yaani karatasi ambayo msafiri anaionyesha dirishani ili apewe kitanda chake. Kisha ulipima muunganiko, ule muda ulio kati ya treni moja kufika na nyingine kuondoka. Kitabu kikisema muda unatosha, ulijiuliza kama utamtosha bibi mwenye masanduku na goti bovu.

Nilianzia kaunta ya Saint-Josse. Baadaye nikahamishiwa tawi letu dogo karibu na stesheni kuu ya Gare du Midi, nikiuza tiketi za Paris na Cologne chini ya Meneja wa Tawi, bwana mpole aliyeogopa wateja kuliko mimi. Nilipokwisha kuzoea, katikati ya miaka ya tisini, Mkurugenzi alinirudisha makao makuu na kunikabidhi kwa Msimamizi wa Dawati la Asia.

Huyo ndiye Bwana Lam. Alikuwa Mvietnam aliyetoroka kwao kwa mashua vita vilipokwisha, akapokelewa Ubelgiji akiwa kijana. Alivaa tai hata siku ya joto. Ofisini tulizungumza Kifaransa, na chake kilikuwa safi kuliko cha Mkurugenzi. Siku ya kwanza alitandaza ramani mezani.

"Bibi Zuhura, reli za kwenu Tabora zina upana gani?"

"Mita moja, Bwana Msimamizi. Baba alikuwa gadi wa treni. Alitufundisha kupima kwa hatua."

Akatabasamu. "Basi uko nyumbani. Malaysia, Thailand, Vietnam, zote ni mita moja."

Alikuwa akipanga safari ambayo hakuna ofisi mjini Brussels iliyokuwa ikiiuza: kuanzia Singapore kwa treni, kupanda Malaysia na Thailand, kuvuka Laos kwa basi kwa sababu hapakuwa na reli, kisha kushika reli tena Vietnam na kuteremka nayo kufuata pwani mpaka Saigon. Kazi ilikuwa ngumu kwenye viza. Wakati ule viza ya Vietnam ilitaja mlango utakaoingilia. Ukiandikiwa uwanja wa ndege nawe umefika kwa basi kutoka Laos, ulirudishwa ulikotoka. Bwana Lam alizikagua pasipoti za kundi lile moja baada ya nyingine, akifuata kila neno kwa ncha ya kalamu.

Yeye mwenyewe ndiye angeliongoza kundi. Mkurugenzi alitaka kila kundi liwe na mbadala, mtu mwenye viza tayari endapo kiongozi ataugua, na mbadala nilikuwa mimi. Nililichukulia kama jambo la makaratasi tu. Karibu na mwisho wa ile reli ya pwani palikuwa na stesheni ndogo, na siku moja nilimwona Bwana Lam ameikodolea macho kwenye ramani.

"Mama yangu anaishi hapo," alisema. "Nimempelekea habari. Atakuja kwenye jukwaa. Treni haikai sana, lakini nitamwona. Kundi likifika Saigon nitarudi kwake nikae."

Tangu aondoke alikuwa hajamwona. Nilimpongeza. Alikunja ramani.

Asubuhi ya safari tulikusanyika Gare du Midi, kundi lichukue treni ya Amsterdam kwenda kupanda ndege. Mimi na Maman Odile, mwenzetu wa kaunta kutoka Bukavu, tulikuwa tumekuja kusaidia mizigo ya wateja. Bwana Lam alitokea amevaa tai yake, mikono mitupu. Hakuwa na sanduku. Alinipa mkoba wa vocha, na pasipoti yangu yenye viza ikiwa ndani.

"Nenda wewe, Bibi Zuhura."

"Unaumwa?"

"Siwezi. Usiniulize."

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshindwa kupanda ngazi. Wateja walikuwa wakituangalia. Maman Odile alinivuta kando.

"Maman Zuhura, wee uende tu. Bon, mie nitaita bwana yako, akuletee nguo kule Amsterdam na motokari. Huyu muntu iko na kitu mu roho. Hapa si pa kumuuliza."

Nikaenda. Mume wangu aliniwahi uwanja wa ndege na sanduku alilolifunga kiume, viatu juu ya kanga. Najua sasa kwamba ningeweza kusema hapana. Kundi lingecheleweshwa, Mkurugenzi angefoka, na labda yule bwana, akiona hakuna wa kumshikia nafasi, angepanda. Hilo sitalijua kamwe.

Safari ilikwenda kama alivyoipanga. Vitanda vilikuwepo, viza zilikubaliwa, basi la Laos lilitutikisa mpaka tukacheka wenyewe. Nilipoisikia treni ya Vietnam ikigonga viungo vya reli nilimkumbuka baba, na nilifurahi kwa namna ambayo sasa ninaionea haya, maana furaha ile ilikuwa na mwenyewe.

Tulipokaribia ile stesheni nilimwomba mhudumu wa behewa letu, binti aliyejua Kifaransa kidogo, ashuke nami. Mama yake Bwana Lam sikuhitaji kumtafuta. Alikuwa mwembamba, kavaa nguo nyeusi iliyopigwa pasi, na alikuwa akichungulia madirisha yote. Mikononi alikuwa na vifurushi viwili vya vyakula, vimefungwa kwa majani ya mgomba.

Nilimsalimu kwa kuinama. Nikaeleza kwamba natoka ofisini kwa mwanawe, kwamba mwanawe ni mzima, kazi imemzuia. Mhudumu alifasiri. Mama alinitazama, akaitazama ngozi yangu bila ubaya, akasema kitu huku akiinua vidole viwili.

"Anauliza," alisema mhudumu, "na yule mdogo? Hajambo?"

"Mdogo yupi?"

"Mdogo wake Bwana Lam," alisema mhudumu baada ya kumuuliza mama. " Waliondoka pamoja. Salamu zinazokuja huwa za wote wawili."

Nilijibu kama mtu yeyote angejibu. "Mimi namfahamu mmoja tu. Hana ndugu Brussels."

Binti alifasiri kabla sijaielewa maana ya nilichokisema. Mama alishusha vidole. Hakulia. Aliuliza swali moja, taratibu, na binti hakulifasiri, alitikisa kichwa tu. Filimbi ikapulizwa. Mama akanipa kifurushi kimoja. Kile kingine akakirudisha kifuani, akakikumbatia kwa mikono yote miwili, na treni ikaondoka tukimwacha amesimama hivyo.

Niliporudi Brussels nilikiweka kile kifurushi mezani kwa Bwana Lam. Vilikuwa vitumbua vya mchele na nazi, vimekauka kwa safari. Alivitazama.

"Alileta kimoja?"

"Viwili, Bwana Msimamizi."

Alivua tai. Sikuwahi kumwona akiivua. Aliniambia kwa sentensi fupi kwamba mdogo wake alifia baharini, kwamba mama alikuwa amemkabidhi kwake amtunze, na kwamba kila mwaka alisema mwaka ujao atamwambia mama.

"Nisamehe," nilisema. "Sikujua."

"Ungejuaje? Mimi ndiye niliyekutuma."

Alikwenda kwao kiangazi kilichofuata, kwa ndege. Nilimuuliza aliporudi. "Alinipikia," alisema. "Alinionyesha majirani. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza, nami sikusema." Haukupita muda mrefu mama akafariki.

Nilipomsimulia Maman Odile, tukinywa chai Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, aliguna. Yeye naye alikuwa na watu huko Kivu ambao hakujua wako wapi. "Mama anajuaka, ma sœur. Alikuwa anangojea tu mutoto wake amuambie kwa kinywa yake. Alors, akamuchunga. Bote babili, mama na mutoto, bakachungana mpaka kifo."

Bwana Lam alistaafu kabla yangu. Nilishika dawati lake na kuiuza safari ile kwa miaka mingi, nikiwaongoza wateja mimi mwenyewe mara kadhaa. Kisha wateja wakaanza kujipangia wenyewe, Mkurugenzi akauza ofisi, nami nikafika umri wa kukaa nyumbani.

Kwenye tafrija yangu ya kuagwa alikuja, amezeeka, kashika fimbo. Aliketi kando yangu, na bila kuulizwa akaanza kunieleza habari za mdogo wake: jinsi alivyoimba vibaya, jinsi alivyoogopa mbwa, alichosema mashuani siku ya mwisho alipoweza kusema. Alieleza kwa mpangilio, neno baada ya neno, kama mtu aliyejifunza kwa moyo. Watu walianza kukunja viti nasi bado tumeketi. Nilimsikiliza mpaka mwisho na kumshika mkono. Maneno yale hayakuwa yangu. Alikuwa ameyaandaa miaka yote kwa ajili ya mtu mwingine, na mimi niliyapokea kwa sababu ndiye niliyebaki.