Boti ya Njau na Fundi Asiyeshindwa

Pale Kimbo, Ruiru, ukitaka kutukanwa bure ulienda kwa Fundi Nzioki ukamwambia redio yako imekufa.

"Nani amekuambia imekufa? Wewe ni daktari? Umeipima mapigo?"

Angekunyang'anya hiyo redio mikononi, akwambie ukanywe chai urudi Alhamisi. Ukirudi Alhamisi utaikuta inaimba, na utatukanwa mara ya pili kwa sababu umekuwa ukiimwagia supu.

Huyu Nzioki hakuwa mtu wa hapo. Alizaliwa mashariki ya Thika, upande wa Yatta, ambako babake alipanda mahindi kila mwaka na kuyavuna mwaka mmoja tu katika kila mitatu. Akaja Thika akiwa kijana, akaandikwa kazi katika karakana ya kuunganisha redio, akajua waya hata kwa harufu. Karakana ikafungwa. Wenzake walirudi kushika jembe. Yeye alibeba chuma chake cha kulehemu na mita moja ya mshale ya kupimia umeme, akaja Kimbo na kujenga kibanda cha mabati. Hapo akaoa, akasomesha watoto, akamzika mke, na kwa miaka thelathini hakuna kitu chenye waya kilichomshinda. Alihakikisha pia kwamba hakuna mtu Ruiru nzima asiyejua hivyo. Mchungaji fulani alimletea spika za kanisa zilizoungua. Alizitengeneza, lakini siku ya kuzirudisha akamwambia mbele ya waumini, "Mchungaji, Mungu si kiziwi. Punguza sauti."

Kibanda cha pili kilikuwa cha Ronny, fundi wa simu, aliyeamini kwamba kutengeneza ni kung'oa cha zamani na kuweka kipya. Nzioki alimwita muuza vipuri. Ronny naye alimwita mzee wa makumbusho. Chai walikunywa pamoja kila siku.

Basi Jumatatu moja gari kubwa jeupe likasimama hapo mbele, akashuka Ngigi, mwana wa marehemu Zacharia Njau wa Murera. Alikuwa amebeba katoni. Ndani mlikuwa na boti ya mbao, urefu wa mkono wa mtu mzima, rangi ya bluu imebabuka, pamoja na rimoti yake: sanduku la chuma lenye vijiti viwili na erio, yaani antena, ndefu ya kuvuta.

"Mzungu wa shamba la kahawa ndiye aliyemwachia baba hii kitu, mwaka wa sabini na nane," Ngigi alisema. "Nataka itembee kwa maji, kwenye bwawa letu la shambani."

Ronny alikuwa ameshachungulia. "Boss, hiyo rimoti tupa. Nakuagizia mpya, wiki moja iko hapa, boti inaenda mpaka ng'ambo ya bwawa na kurudi."

"Mpya haiwezi," Ngigi alisema, na uso ukamshuka. Ndipo akaeleza. Njau, siku mbili kabla ya kufa, alimwita mchungaji, akamwita na Mzee Ndegwa, mkubwa wa mbari yao, akasema: "Shamba la Murera lisiuzwe mpaka boti yangu itembee tena kwenye bwawa letu, kwa redio yake ile ile." Redio ndiyo hiyo rimoti na mtambo mwenzake ndani ya boti. Kisha akageukia ukuta, na hakusema neno lingine. Sasa kwa Wakikuyu neno la mtu anayekufa si la kuchezea. Linaitwa kirumi, na ukilivunja laana inakufuata hadi jikoni. Ngigi alikuwa ameokoka, tena mzee wa kanisa. Alikuwa amefunga na kuomba juu ya jambo hilo siku saba, na bado aliogopa. Wokovu ni wokovu, lakini binamu yake aliukata mti aliokatazwa na babake, na mpaka leo anatembea kwa magongo.

"Nimeuliza kila mahali," Ngigi akamalizia. "Nimeambiwa ni wewe tu."

Hapo ndipo Nzioki alipokwisha. Msifu fundi, umpeleke popote. Hakuuliza shamba linauzwa kwa nini, wala hakuuliza nani anaishi hapo. Alisema tu, "Acha hapa."

Alipoifungua ile rimoti akakuta uozo wa miaka mingi. Betri za kale zilikuwa zimemwaga maji yake humo ndani, shaba imeota ukungu wa kijani, na kapasita, vile vikopo vidogo vya kushika umeme, zimekauka. Alimpigia Mzee Ndegwa kuuliza kama betri mpya zinaruhusiwa.

"Betri ni chakula," mzee alisema baada ya kufikiri. "Mgonjwa lazima ale. Lakini viungo vyake viwe vile vile. Ukibadilisha hata kimoja, si ile ile tena."

Mtu mwingine angekata tamaa. Nzioki alipiga kofi kwa furaha. Aliukamulia ule ukungu ndimu, akausugua kwa mswaki mpaka shaba ikacheka. Kapasita alizinyonyesha umeme kidogo kidogo kwa siku tatu, kama mtu aliyelala njaa anavyoanzishiwa uji. Ndani ya boti mlikuwa na mota ndogo ya kugeuza usukani, imeganda. Akaitenganisha meno yote na kuipaka mafuta ya cherehani. Mwisho akasafisha zile kristali mbili, vijibati vidogo vyenye ukubwa wa punje ya hindi, kimoja cha rimoti na kimoja cha boti. Hivyo ni mapacha. Ukiondoa kimoja, rimoti na boti hazisikilizani tena, hata ukiziombea.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, akasukuma kijiti cha kulia. Usukani wa boti ukageuka kulia.

"Wuuui!" Nzioki alipiga ukelele hadi mama wa mboga akaangusha nyanya. Akasukuma kushoto, ukageuka kushoto. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Ronny alikuja, akaangalia, akajaribu vijiti mwenyewe mara tatu. Alienda akamnunulia mandazi mawili, na kwa Ronny hiyo ilikuwa kama kupiga magoti. Nzioki akampigia Ngigi simu: Jumamosi tukutane bwawani.

Mchana huo huo akaja mwanamke mzee, gambuti zimejaa tope la Murera, kiondo mgongoni. Alisimama akaitazama boti juu ya meza.

"Wewe ndiye Nzioki?"

"Ndiye, mama. Karibu."

"Ni wewe unanifukuza kwangu?"

Alikuwa Magdalene Waruguru, mjane wa Njau. Hakungoja kiti. Akaeleza kwamba Njau alipokuwa mgonjwa Ngigi alimwekea karatasi mkononi atie sahihi, na shamba likaandikwa kwa jina la Ngigi. Sasa linakatwa ploti. Yeye ametafutiwa chumba kimoja Kahawa Wendani, ghorofa ya tatu, katikati ya wanafunzi wa chuo.

"Ati sakafu ina tiles," Waruguru alisema. "Nitapanda viazi kwa tiles? Mbuzi wangu watapanda ngazi? Na Njau, amelala pale kando ya bwawa, nimwache na nani? Na watu wa ploti wamjengee choo kichwani?"

"Mama, mimi sikujua."

"Njau alijua. Hiyo kitu ilikufa kitambo, ameihangaikia miaka, haikuamka. Ndiyo maana akasema vile. Alinifungia mlango mwizi asiingie, halafu wewe umekuja na funguo." Akakishika kiti mgongoni, sauti ikapungua. "Waambie imekushinda. Ni neno moja tu."

Nzioki aliisogeza boti pembeni. "Mama Ngigi, niombe kitu kingine. Niombe figo. Hilo sijawahi kusema, tangu nianze kazi."

"Mimi pia sijawahi kuishi ghorofani," Waruguru alisema. Akainua kiondo chake, akaenda bila kuaga.

Siku zilizobaki Kimbo haikukalika. Nzioki alimtukana kila mtu, akiwemo mtoto wa shule aliyekuja kuuliza saa. Alimlaani Njau kwa ujanja wake, akamlaani na yule mzungu aliyeacha michezo yake kwa watu wenye kazi zao. Alijiambia kwamba fundi ni fundi. Daktari hamwulizi mgonjwa kama ni mwizi. Halafu akakumbuka kwamba daktari angalau haitwi kuja kushuhudia wizi wenyewe, na akakasirika upya. Hakulala vizuri. Jina ndilo shamba lake yeye. Mkewe ameenda, watoto wako mbali na wanapiga simu Krismasi; kilichobaki ni watu kusema, ukipita stejini, yule ndiye Nzioki, hakuna kitu humshinda.

Jumamosi akafika Murera na boti kwapani, na kusema kweli hakuwa ameamua lolote. Watu walikuwa wengi. Mzee Ndegwa alikuwa na mkongojo wake, mchungaji na Biblia, majirani na watoto wao, na Ronny alikuwa amefunga kibanda ili asikose. Ngigi alivaa viatu vyeupe kwenye tope. Waruguru alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya kaburi la mumewe, na hakuinua macho.

Kisha Nzioki akamwona mtu wa kupima ardhi. Alikuwa amekuja na futi kamba na vigingi vya chuma, na vitatu tayari alishavipigilia. Kimoja kilikuwa katikati ya viazi vya mwanamke yule, mashina yamelala kushoto na kulia.

Ngigi hata hakungoja! Nzioki alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. Boti haijaguswa na maji, na tayari wanapima!

"Nikague kidogo," alisema, akachuchumaa. Akafungua skrubu mbili za kifuniko cha boti, akazibana midomoni kama mafundi wote wanavyofanya. Hakuna aliyeshangaa. Akaingiza vidole ndani, akachomoa ile kristali ndogo, nayo akaitia mdomoni. Akafunika kifuniko kwa kidole gumba, akaiweka boti majini, akashika rimoti na kuvuta erio.

Akasukuma kijiti cha kulia. Boti haikujua kwamba imesemeshwa. Akasukuma kushoto. Upepo ukaizungusha mara moja kama bata mzembe, ikaegemea matete.

"Fundi?" Ngigi alisema.

"Mm."

"Uliniambia inafanya kazi!"

"Mm-mm," akajibu, akionyesha kwa mkono upande wa Kimbo, kwamba kule ilikuwa inafanya.

Mzee Ndegwa akapiga mkongojo chini. "Hatutaki mm. Toa hayo mambo mdomoni, useme mbele ya mchungaji. Redio hii itatembeza boti, au haitatembeza?"

Nzioki akatema skrubu kiganjani. Ya kwanza. Ya pili. Macho ya watu wote yalikuwa kwenye kiganja kile. Kitu cha tatu kilikuwa chini ya ulimi wake, na mzee alikuwa amenyoosha shingo.

Akameza.

Kile kijibati kina miguu miwili ya waya, na kilimkwaruza koo njia nzima. Machozi yakamjaa. Watu walidhani ni uchungu wa fundi, na hawakukosea sana. Sasa hata kama angetaka, redio ile isingeamka tena leo wala milele. Hakuwa akimdanganya mchungaji.

"Haitatembeza," alisema. Akavuta pumzi, maana lile lingine lilikuwa gumu kuliko waya. "Imenishinda."

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wengine, simu zikainuliwa juu. Nzioki ameshindwa! Ati Nzioki wa Kimbo! Kabla ya saa sita Ruiru yote ingekuwa na habari.

Ngigi alimgeukia Ronny. "Wewe! Si ulisema unaweza kuweka mpya?"

Ronny alikuwa ameviona vile vijiti vikifanya kazi, alivijaribu mara tatu kwa mkono wake. Alimwangalia Nzioki, koo lake lililokuwa bado linapanda na kushuka. Akaangalia kigingi kwenye viazi, akamwangalia na mwanamke wa ndoo.

"Mpya si ile ile, boss," Ronny alisema. "Na huyu mzee nilimwambia toka mwanzo hiyo ni takataka. Hasikii. Kichwa ngumu."

"Njau alisema ile ile," Mzee Ndegwa akakata shauri. "Shamba haliuzwi. Ng'oeni hivyo vyuma."

Mtu wa kupima akaanza kuvitingisha vigingi vyake vitoke. Ngigi aliinama akafuta tope kwenye viatu vyake vyeupe, wala hakubisha. Alikuwa anaogopa hata kulitazama kaburi.

Ndipo Waruguru akainuka kwenye ndoo yake. Alikuja moja kwa moja kwa Nzioki, akamshika mkono kwa nguvu, akaanza kumburuta kuelekea lango, akipaza sauti ili mwanawe asikie kila neno.

"Fundi gani wewe! Umetupotezea siku zetu zote! Fundi bure kabisa! Rudi Yatta ukachunge mbuzi!"

Vidole vyake vilikuwa vimekamata vya Nzioki kama vya mtu anayevuka mto. Hakuviachia hata walipofika langoni. Nzioki, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kutukanwa akakosa la kujibu, aliinamisha kichwa karibu na sikio lake.

"Ongeza, mama," alisema polepole. "Bado wanasikiliza."

Na Waruguru, machozi yakimtiririka, akaongeza.