Kanzu ya Mjomba Hamisi

Nikisikia harufu ya udi narudi Muaither, mtaa wa pembeni mwa Doha, kwenye chumba chetu kimoja nyuma ya jumba la watu, kiyoyozi kikinguruma na kudondosha maji kwenye beseni. Kila Ijumaa Mama aliifukiza kanzu aliyomshonea mdogo wake, Mjomba Hamisi, kwa kukisia kipimo, kisha akaikunja na kuirudisha sandukuni. Mama ndiye aliyemlea kule Tanga. Mjomba alipata viza ya bahati nasibu, akahamia Marekani, akaingia jeshini, na nilipokuwa na miaka tisa wakamleta kwenye kambi yao nje ya Doha. Kwa gari si mbali. Lakini ruhusa ya kutoka hakupewa, na sisi hatukuthubutu kusogelea geti, maana tangu Baba afariki kibali chetu kilikwisha na tuliishi kwa kujificha.

Mwaka huohuo serikali ya kule ilitangaza msamaha: asiye na kibali aondoke salama, bila faini wala jela. Mama alishaanza kufunga vyombo Mjomba alipopiga simu. "Dada, usiondoke," alisema. "Jeshi letu lina msamaha kwa ndugu wa askari wasio na karatasi. Mtakuja kukaa kwangu Marekani." Mama alilia kwa furaha, akavifungua vyombo. Tuliwaaga majirani waliokuwa wakirudi makwao, tukiwaonea huruma.

Muda wa msamaha wa serikali ulikuwa umeshapita Mjomba alipopiga tena. Wanasheria wa kambini walimweleza kwamba msamaha ule ni kwa ndugu wanaoishi ndani ya Marekani kwenyewe. Mama akamuuliza, "Na sisi tulio huku?" Ijumaa iliyofuata udi haukuwashwa. Baadaye kifua kikaanza kumbana Mama, na hospitali aliiogopa kama polisi, hata alipopelekwa alikuwa amechelewa. Majirani waliobaki walimzika. Mimi nilifukuzwa nchini, nikapelekwa Tanga na kupigwa marufuku kurudi Doha.

Leo Mjomba ni raia wa Marekani. Alipokuja Tanga nilimpa kanzu yake, haikupita mabegani. Akakaa nayo mapajani akilia, nami sikumbembeleza. Najua alitaka kutuokoa, lakini hasira haijaniisha. Mama amebaki Doha moja kwa moja, wala hakuna wa kumdai kibali. Mimi niliyezaliwa kule siruhusiwi hata kwenda kumsomea Fatiha kaburini.