Siku Nilipowafundisha Watu wa Mboghoni Neno "Impunity"

Acha nijicheke kwanza, maana mkianza nyinyi sitapata nafasi. Nilikuwa nimetoka Voi na koti jeusi na riwaya yangu ya kwanza kwapani (haijapata mchapishaji hadi leo, msiniulize), nimealikwa na kamati ya mfereji wa Mboghoni niseme machache kuhusu haki. Asubuhi ya mkutano nikaona nyanya za mama shambani kwetu zimelegea kwa kiu, zamu yake ya maji ni kesho, ya leo ni ya jirani yetu Mama Wakesho, aliyekuwa ndiyo kwanza amepandikiza vitunguu. Nikajiambia dakika kumi tu, nikang'oa magunia yaliyozuia maji yasiingie kwetu, maji yakaja yakiimba, nami nikaenda zangu mkutanoni nikayasahau.

Nikasimama nyuma ya meza. Nikawaambia, kwa sauti ya mtu anayewahurumia wajinga, kwamba Waingereza wana neno impunity, yaani kutenda kosa ukijua hakuna atakayekugusa. Wala si msamaha, maana anayesamehewa amekiri kwanza. "Mkubwa akila cha umma, na Jumapili akaketi kiti cha mbele kanisani, hiyo ndiyo impunity!" Wakapiga makofi. Nikanogewa, nikawa nawatukana wakubwa mmoja mmoja, hadi maji yalipofurika kutoka shambani kwetu (tumepakana na uwanja wa mkutano) yakaja na kandambili ya mtu mpaka mezani, nami nikarukia kiti kuokoa viatu. Hapo ndipo wote walipoiona suruali yangu: tope hadi magotini.

"Haya maji ni yangu," Mama Wakesho akasema. "Vitunguu vyangu vinakufa, na msomi anaoga!"

Mwenyekiti, Mzee Mwakio, akakohoa. "Tumwachilie, jamani. Huyu ni mgeni, tena amesoma."

Na mimi, mtetezi wa haki, nikaomba kimoyomoyo wakubali.

"Mgeni?" Ilikuwa sauti ya mama, kutoka nyuma. "Nimemzaa mimi. Hebu baba, lile neno lako ulisema ni nini vile?"

Akacheka, na kicheko chake nakisikia hata leo nikishika kalamu. Nikakiri, nikiwa bado juu ya kiti. Nikapewa adhabu ya kila mwizi wa zamu, kuzoa tope la mfereji mchana kutwa, kwa koti lile lile, huku Mama Wakesho akinisimamia: "Msomi, hapo umeacha!"

Bado nawasema wakubwa, tena kwa ukali. Ila siku hizi, kabla sijafungua mdomo, natazama kwanza suruali yangu.