Kamba ni Kamba

Rukaiya, Mama Fakihi wa Makote, ni kungwi. Kwa miaka thelathini amewafunda mabinti unyagoni, na cheo kingine duniani hana wala hakitaki. Aliapa ujanani kama makungwi wote: ukimwimbia mwanamume nyimbo za ndani, husimami tena mbele ya mwali.

Basi akaja Walter. Ni mzaliwa wa Newala aliyesoma mjini hadi akasahau njia ya kwao, na sasa alikuwa akiandika kitabu juu ya mwanamke na mapenzi katika fasihi. Alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado haoni kitu.

“Shikamoo, Mama Fakihi. Nataka zile nyimbo zenyewe za unyago. Wanawake wetu wamenyamazishwa. Mama yangu mwenyewe amekufa bila kusikika. Mimi nitawapa sauti.”

“Marahaba. Utatupa sauti, eti!”

Rukaiya alimtazama kama kuku aliyeingia jikoni. Amelea watoto saba kwa ulimi wake mwenyewe, leo apewe sauti na huyu! Angemtimua, ila alijua angekwenda kumlaghai kungwi mwingine, mdogo, asiyejua kukataa. Akaimba:

“Ishushe polepole, kamba isikatike,
Ikijaa ivute, tone lisimwagike.”

Walter alitokwa jasho. Aliandika, akapiga mistari, akauliza kamba ndiyo nini hasa.

“Kamba ni kamba.”

Mjinga akakonyeza, akacheka cheko la wajuao, akaandika ukurasa mzima. Rukaiya akaona hana haja hata ya kumdanganya. Mtu huyu alijitosheleza.

Kitabu kilipozinduliwa katika ukumbi mmoja pale Newala, Walter alisoma sura ya kwanza yote kwa sauti: kamba ni hivi, kujaa ni vile, tone ndilo lile. Wanaume wakakohoa. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, naye akadhani wanaona haya kwa kufichuliwa siri. Kiburi kikampanda. Akamwomba Rukaiya asimame athibitishe.

Rukaiya alisimama, akakaza kanga kiunoni.

“Mwanangu, huo ni wimbo wa kuteka maji. Tuliuimba kule bondeni, kwenye foleni ya kisima. Kamba ikikatika, umeushuka mlima bure. Ungebeba ndoo siku moja tu maishani, ungeujua.”

“Lakini si uliniambia…”

“Nilikwambia kamba ni kamba.”

Ukumbi ulivuma kwa vigelegele. Rukaiya hakucheka. Aliwasubiri wanyamaze, maana bado alikuwa na neno, na neno hilo lilimchoma kuliko upuuzi wote wa kitabu.

“Tena hukuniuliza nani kaniimbia kwanza. Ni marehemu Agatha, mama yako, wewe ukiwa mgongoni mwake. Akiimba bondeni, sisi tulio huku juu tulikuwa tunamsikia.”

Walter hakusoma sura ya pili.