Diski Iliyokaa Chini ya Jina Lisilo Lake

Miaka ile umeme ulikatika ovyo, na kila ulipokatika kompyuta yetu pale kiwanda cha shaba mjini Likasi ililala. Tuliihudumia watu wawili: mimi, na papa mmoja, mzee wa asili ya Kasai, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Diski zilikuwa kubwa kama sufuria ya bukari, ule ugali wetu, nasi tulizitia na kuzitoa kwa mikono.

Asubuhi moja watu wa maabara walikuja juu: vipimo vya shaba vya juma lile havipo, vimerudi vya zamani. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, akamgeukia papa. Mjini watu wa Kasai walikuwa wameanza kutazamwa kwa jicho baya, na mimi nilimtazama papa hivyohivyo.

"Weye njo ulibadirisha diski?"

"Minye sikugusa kintu, shefu. Mashini iko hapa, muiulize."

Nikafungua orodha inayoonyesha diski gani imewekwa chini ya jina gani. Ilisema diski ya vipimo iko mahali pake. Nikazidi kumshuku.

Papa akasema bila kuniangalia, "Ile orodha inasema tu kile mutu aliandika. Uliza faili yenyewe inatoka wapi."

Nikaandika programu fupi, nikitumaini kumnasa. Ilichukua faili moja ya vipimo, ikauliza mfumo namba ya kifaa inamokaa, kisha ikaenda kwenye kifaa hicho kusoma jina lililoandikwa mwanzoni mwa diski yenyewe. Jibu likatoka: nakala ya mwezi uliopita.

Nikakumbuka. Siku mbili kabla, umeme uliporudi, papa alikuwa msibani Kapolowe. Nilitia diski peke yangu, mbiombio, nikaandika jina lilelile la kila siku. Diski ya kweli ilikuwa bado kabatini, na vipimo vyote ndani yake.

Nilikwenda kwa shefu. "Ni mimi," nikamwambia.

Akashusha sauti. "Ungenyamaza tu, lawama ingebaki kwa yule wa Kasai."

Papa hakunishukuru. "Na weye ulizania ni minye," alisema.

"Ndiyo, papa."

Akaitika kwa kichwa. Tangu siku hiyo alifunga kabati la diski, ufunguo akautia mfukoni mwake, na kila asubuhi ilinibidi niuombe.